Umeona Nini, Simaloi?

Serikali ilipotangaza kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa shule lazima aingie darasani, walimu hawakutosha. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba walipochaguliwa wakafunzwe ualimu hukohuko vijijini, kila mmoja chini ya mwalimu mzoefu aliyeitwa mwalimu mlezi. Simaloi binti Lesiamon alikuwa mmoja wao. Alitoka kwa wafugaji wa Kimasai wa nyika za Handeni, ng'ambo ya Kwedizinga, akapelekwa Mashewa, Korogwe, mahali ambapo hakuwa na ndugu wala jamaa.

Mwalimu wake mlezi aliitwa Zuena Mbaruku. Alikuwa mjane, mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya chini mno kwa mtu aliyefundisha darasa lililofurika watoto hadi sakafuni. Alimpa Simaloi chumba nyumbani kwake na kitanda cha kamba. Jioni ya kwanza alipika bada, ule ugali wa muhogo, na mboga ya mchunga, wakala. Simaloi alimeza kwa shida. Ule uchungu wa mchunga haukumsumbua sana. Alichokitamani ni maziwa. Maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, yale ambayo mama yake Nailantei alikuwa akimmiminia asubuhi kabla jua halijachomoza vizuri.

"Utazoea," Mwalimu Zuena alimwambia.

"Ndiyo, mwalimu," Simaloi akajibu. Moyoni hakutaka kuzoea. Aliona kwamba siku atakayozoea ndiyo siku atakayokuwa amepotea.

Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kukaa tu. Aliwekewa benchi nyuma ya darasa la tatu, karibu na dirisha, akaambiwa atazame. Hakuruhusiwa kushika chaki wala kumkemea mtoto. Alitazama Mwalimu Zuena akifuta ubao kwa kitambaa chenye maji, akipiga mistari kwa rula ndefu ya mbao, akibandika kwenye kitambaa cha flana picha za ng'ombe, jembe na nyumba alizokata kwenye magazeti ya zamani. Alitazama watoto wakipokezana kipande kimoja cha penseli bila kugombana, akashangaa ni nini kinachowazuia.

Jioni, wakimenya mihogo uani, Mwalimu Zuena alimuuliza, "Umeona nini leo, Simaloi?"

"Umefundisha kutoa kwa kukopa, mwalimu. Halafu ukawapa mazoezi."

"Hayo yapo ubaoni. Hata mpita njia angeyaona. Nakuuliza wewe umeona nini."

Kesho yake aliulizwa tena, na kesho kutwa pia. Alijitahidi. Aliona mwalimu alivyogawa maandishi yake ubaoni, mapya kulia, ya kukumbuka kushoto. Aliona alivyosimama karibu na watoto watundu bila kuwataja majina. Kila aliposema, Mwalimu Zuena aliitikia kwa kichwa, lakini si kwa namna ya mtu aliyepewa alichokiomba.

Kisha redio ikafika.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Yordani Mdoe, aliileta kutoka Korogwe akiwa ameipakata kama mtoto mchanga. Vipindi vya shule vilikuwa vikitangazwa kutoka Dar es Salaam, na sasa Mashewa nayo ingevisikia. Waya ulifungwa kutoka dirishani hadi kwenye mwembe wa uani ili sauti isikwaruze. Mawe ya redio, zile betri zake, yalikuwa adimu, kwa hiyo yalipochoka yalianikwa juani juu ya kipande cha bati ili yapate nguvu ya siku nyingine. Siku ya kwanza, sauti ya mwanamke iliposema, "Hamjambo watoto," darasa zima lilisimama na kuitikia, "Hatujambo mwalimu, shikamoo!" Mwalimu Mdoe alicheka mpaka akatoa miwani.

Jioni hiyo Simaloi ndiye aliyeanza kuuliza.

"Mwalimu, sauti ile inafika hadi Kiteto?"

"Inafika. Inafika hadi Kigoma."

"Na mtu wa Kiteto akisema kitu, redio inaweza kukileta hapa?"

Mwalimu Zuena aliacha kisu chake juu ya ungo, akamtazama. "Kiteto kuna nani?"

Simaloi akamweleza. Wiki ile, alipotumwa Korogwe kuchukua vitabu, alipita mnadani akakutana na binamu yake, Saning'o, aliyekuwa ameleta madume kuuza. Saning'o alimwambia kwamba boma la baba yake halipo tena. Watu wengine walikubali kuingia kijiji kipya cha ujamaa, lakini mzee Lesiamon alisema ng'ombe hawawezi kupangwa kwa safu kama nyumba, akaondoka na mifugo kuelekea Kiteto. Mama naye alikwenda. Alikuwa ameacha neno moja tu: "Mwulizeni Simaloi atarudi lini."

"Nitarudi wapi, mwalimu?" Simaloi aliuliza. "Mahali penyewe pamehama."

"Redio haina masikio, mwanangu," Mwalimu Zuena alisema. "Wala haina macho. Yule mwalimu wa Dar es Salaam hajui kama watoto wamesikia, kama wamelala, au kama wana njaa. Ndiyo maana wakatuacha na sisi humu ndani."

Kisha akarudi kumenya mihogo.

Mvua za vuli zilipokaribia, Simaloi aliambiwa ni zamu yake kusimamia somo la redio. Mwalimu Zuena angekaa kwenye benchi la nyuma. Simaloi alijiandaa kuliko alivyowahi kujiandaa kwa jambo lolote. Aliandika maneno mapya ubaoni mapema, akapanga watoto wafupi mbele, akajaribu mitabendi za redio hadi sauti ikatulia.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Sauti iliuliza, watoto wakajibu. Sauti ikaimba, nao wakaimba. Halafu ikaanza kusimulia hadithi ya mtoto aliyepotea msituni, akaijua njia ya nyumbani kwa kumsikia mama yake akiita ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Na yule mwanamke wa redioni akaita majina hayo, polepole, kwa sauti ya kuvuta.

Simaloi aliigeukia redio. Hakujua kwamba amegeuka. Nyika ilimjia yote kwa mara moja: vumbi la jioni, kengele shingoni mwa fahali, mama amesimama langoni, mkono mmoja kwenye mwiba wa ua, akiita. Wale ng'ombe wa hadithi hawakuwa na majina ya Kimasai, lakini sauti ilikuwa ileile. Nyuma yake watoto waliendelea kuitikia kwa pamoja, naye akadhani somo linakwenda sawa.

Aliposhtuka, Mwalimu Zuena alikuwa tayari ameshatoka kwenye benchi na kufika katikati ya darasa. Mwaija, msichana wa safu ya tatu, alikuwa ameanguka chini ya dawati, macho yamegeuka, mwili unatetemeka. Wenzake walikuwa wamesogea pembeni kumpisha. Walikuwa wakimkwepa tangu mapema. Alikuwa akitetemeka tangu wimbo wa kwanza.

"Ana moto huyu," Mwalimu Zuena alisema. Alimbeba mgongoni, akamfunga kwa khanga yake, akatoka kwa hatua za haraka kwenda zahanati. Redio ilikuwa bado inaendelea. "Vizuri sana, watoto," ilisema.

Siku hiyo jioni Mwalimu Zuena alirudi amechoka. Alisema Mwaija amechomwa sindano, homa imempanda kichwani, na mganga hajasema lolote la uhakika. Alikula kidogo, akanawa. Hakuuliza swali lake la kila siku. Simaloi alingoja aulizwe, na kadiri alivyongoja ndivyo alivyotamani hata kutukanwa.

"Nilikuwa kwetu, mwalimu," alisema mwishowe. "Mwili tu ndio uliokuwa darasani."

"Nilikuona."

"Sifai kazi hii."

"Hilo sijalisema." Mwalimu Zuena alivuta kigoda karibu. "Mimi nilipompoteza mume wangu nilifundisha mwaka mzima bila kumwona mtoto hata mmoja. Waliingia wakatoka. Mpaka leo wako watu wazima wananisalimia njiani, nashindwa kuwakumbuka. Sitaki yakukute. Nenda kawatafute wazazi wako, Simaloi. Nitazungumza na Mwalimu Mdoe. Ukirudi, urudi mzima. Usiporudi, nitaelewa."

Asubuhi alimfungia mihogo ya kuchoma kwenye jani la mgomba, akamsindikiza hadi barabarani. Simaloi aliogopa kupitia zahanati. Alipita kwa nyuma.

Kutoka Korogwe alipata lori lililokuwa likirudi tupu baada ya kushusha mkonge, likamwacha Kwedizinga. Kutoka hapo alitembea. Njia ya miguu aliyoijua tangu utotoni ilikuwa imeanza kumezwa na majani, kwa sababu hakukuwa na kwato za kuikanyaga. Alilikuta boma. Ua wa miiba ulikuwa umelala upande mmoja. Nyumba zilikuwa zimebomoka paa, na pale zizini, juu ya samadi kavu, mchicha pori ulikuwa umeota mrefu na mnene kuliko mahali pengine popote. Aliingia ilipokuwa nyumba ya mama yake. Mafiga yalikuwepo bado. Aliinama akanusa ukuta, akitafuta harufu ya moshi wa vibuyu. Ilikuwepo kidogo sana, au pengine alitaka tu iwepo.

Shangazi yake, dada wa mzee Lesiamon, alikuwa amebaki kwenye kijiji kipya, mwendo mfupi kutoka pale. Alipomwona Simaloi alimtolea salamu ya wazee, "Takwenya," naye akaitikia, "Iko," kisha mwanamke yule akamshika uso kwa mikono miwili akalia. Alimpa maziwa. Simaloi alikunywa akiwa amefumba macho. Yalikuwa matamu kama alivyoyakumbuka.

Saning'o naye alikuwepo. "Kesho naondoka na punda kwenda kwa baba yako," alimwambia. "Tutakuwa njiani siku kadhaa. Ukitaka, twende."

"Nataka," Simaloi alisema kabla Saning'o hajamaliza.

Jioni ng'ombe wachache wa shangazi waliporudi, Simaloi alisimama langoni kama zamani, bila kuombwa. Walipita mbele yake wakisukumana. Hakuwahesabu, hakuna mtu wa kwao aliyewahesabu ng'ombe. Waliingia machoni mwake wote pamoja, na katika wote hao jicho lake likanasa mmoja.

"Yule mwekundu wa katikati anaumwa," alisema. "Masikio yamelegea, na wenzake wanamkwepa."

Shangazi akaenda kumgusa. "Kweli, ana joto. Mbona hujasahau!"

Simaloi alisimama pale ameshika mti wa lango, hadi ng'ombe wote wakawa ndani na shangazi akamwita aje afunge. Wenzake wanamkwepa. Alikuwa amelisema mwenyewe neno hilo, kirahisi, juu ya ng'ombe wa mtu mwingine. Muda wote Mashewa alikuwa akimtazama mwalimu, akatazama ubao, akaitazama redio. Watoto hakuwatazama hivi hata siku moja.

Asubuhi walianza safari na Saning'o. Simaloi alikuwa amejifunga shuka alilopewa na shangazi, na miguu yake ilifurahia mwendo. Walivuka mbuga, wakashuka kwenye mto mkavu. Alipaswa kuwa na furaha. Kila hatua ilimsogeza kwa mama yake, naye alimtamani mama yake kwa njaa iliyomuuma mwilini. Hata hivyo uso wa Mwaija ulikuwa mbele yake njia nzima, na hakujua kama mtoto yule alikuwa hai. Huko Kiteto nani angemwambia? Angekaa kwa mama yake, anywe maziwa, asijue.

Mchangani, katikati ya mto, alisimama.

"Saning'o, nenda. Mimi narudi."

Saning'o aliwashika punda. "Unarudi wapi?"

"Mashewa."

"Simaloi, usinifanyie hivi. Nikifika bila wewe nimwambie nini mama yako?"

"Mwambie nimeacha mtoto mgonjwa."

"Mtoto!" Saning'o alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Mtoto wa nani?"

"Wa darasani kwangu. Wewe mwambie hivyohivyo tu. Mama ataelewa."

Saning'o alitikisa kichwa, akatema mate mchangani, akamkabidhi kibuyu chake cha maji. Simaloi alimtazama hadi punda wa mwisho alipopotea kwenye vichaka vya ng'ambo. Hapo ndipo alipokaa chini akalia, mkono mdomoni, kama watu wanavyolia wakiwa hawataki kusikika, ingawa pale mtoni hakukuwa na wa kumsikia.

Alifika Mashewa kesho yake wakati watoto wakitoka kuchota maji. Alikwenda moja kwa moja zahanati, vumbi likiwa bado miguuni. Kitanda kilikuwa kitupu. Mganga alipoona uso wake alisema haraka, "Hapana, hapana, dada. Karuhusiwa. Yuko kwao."

Mwaija alikuwa ameketi barazani kwa nyanya yake, amekonda, anakula chungwa. Alipomwona Simaloi alijaribu kusimama. "Shikamoo mwalimu." Ilikuwa mara ya kwanza Simaloi kusikia neno hilo akahisi ni lake. "Marahaba, mwanangu. Kaa. Kaa tu, ule."

Mwalimu Zuena alimkuta Simaloi jioni uani kwake, tayari anamenya mihogo. Hakuuliza chochote juu ya safari. Alichukua kisu cha pili, akakaa.

Tangu siku hiyo Simaloi alipokaa kwenye benchi la nyuma alitazama upande mwingine. "Umeona nini?" mwalimu alipouliza, alianza kusema: yule wa dirishani haoni ubaoni, anasoma kwa kumsikiliza jirani yake, wale mapacha wamekuja bila kula, wanaitikia lakini midomo mikavu, Muhidini anapiga kelele tu anapoogopa kuulizwa. Alisema hadi giza likaingia, na Mwalimu Zuena akamsikiliza huku akitabasamu, macho ardhini. Siku aliyosimamia tena somo la redio, mawe yalichoka katikati. Sauti ya Dar es Salaam ikafifia, ikawa mnong'ono, ikazimika. Simaloi hakuwa ameitazama hata kidogo. Alikuwa amesimama ubavuni, uso kwa watoto, akaendelea na hadithi pale ilipokatikia kwa maneno yake mwenyewe, na darasa likamfuata.

Alifaulu. Alipewa shule ya Sindeni, Handeni, karibu zaidi na nyika zao ingawa wazazi wake hawakuwepo tena huko. Siku ya kuondoka, Mwalimu Zuena alimkatia nusu ya kitambaa chake cha flana, pamoja na picha kadhaa. Alimkumbatia muda mrefu, kisha akamwachia kwa ghafla na kuingia ndani. Simaloi alisikia mlango ukifungwa. Wiki za kwanza Sindeni, jioni ilipoingia, alijikuta akingoja mtu amuulize ameona nini. Akawa sasa anatamani hata bada na mchunga.

Mwaka wa pili kiangazi kilikuwa kikali. Majani ya Kiteto yalikauka, na wafugaji wakaanza kusogea upande wa Handeni kufuata maji. Asubuhi moja, katikati ya somo, mwanga wa mlangoni ulizibwa. Simaloi alitazama, akaangusha chaki.

Mama yake alikuwa amezeeka. Shanga zilikuwa zilezile, shingo ndiyo iliyokuwa imepungua. Simaloi aliinamisha kichwa, na mama akamgusa utosini kwa kiganja, kama anavyosalimiwa mtoto. Mbele ya darasa zima hawakulia.

"Yule mtoto alipona?" Nailantei aliuliza kwa Kimasai. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Alipona, yeyo."

"Vizuri." Kisha akaketi chini pale mlangoni, akakunja shuka lake miguuni. "Endelea. Nataka kukuona."

Saa ya kipindi ikafika, Simaloi akawasha redio. Nailantei alisikiliza sauti ile ngeni kwa makini, kichwa upande. Watoto walipokwisha kutoka nje, aliuliza, "Mwanamke huyo yuko wapi?"

"Dar es Salaam."

"Mbali. Ana mama?"

Simaloi hakuwahi kuwaza hilo. "Sijui, yeyo. Nadhani anaye."

"Maskini," Nailantei alisema, akaitazama redio kwa huruma ya kweli.

Kiangazi chote kile alikuwa akija. Alileta maziwa, akaketi mlangoni, akasikiliza Kiswahili asichokielewa sawasawa, na jioni walitembea pamoja hadi ilipokuwa kambi ya ng'ombe. Waliongea kidogo. Mara nyingine walikaa tu, mabega yamegusana.

Mvua ilianza na radi usiku kucha, na kulipopambazuka Sindeni nzima ilikuwa nje, watu wakiitana shambani kwa shangwe, majembe mabegani. Nailantei alikuja mara ya mwisho. Mzee Lesiamon alikuwa tayari amewatanguliza ng'ombe. Kule Kiteto majani yangechipua.

"Utarudi lini?" Simaloi aliuliza, akasikia ni swali la mama yake lililokuwa mdomoni mwake.

"Majani yakikataa," mama alisema.

Simaloi alimsindikiza hadi mwisho wa shamba la kijiji tu, maana watoto wa zamu ya mchana walikuwa wamekwisha kufika. Miaka iliyofuata mvua zilikuwa nzuri, na mama hakurudi. Watu wa Sindeni walivuna mahindi, wakashukuru msikitini na kanisani. Simaloi alivuna na kushukuru pamoja nao. Ila wingu lilipojikusanya juu ya vilima na watoto wakakimbilia dirishani wakipiga makofi, yeye alisimama nyuma yao akiliangalia, na moyoni mwake kulikuwa na dua ambayo asingethubutu kuitamka mbele ya mkulima yeyote.